Firigisi Uliyonirudishia

Mwanangu Mwajabu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini mimi na wewe tumetenganishwa na ukuta mmoja tu wa udongo, na nakusikia ukicheka na wifi zako waliokuja kukuchukua. Kwa hiyo naanza na jambo lenyewe. Leo mchana umenirudishia firigisi.

Yule jogoo mwekundu nilimchinja kwa mkono wangu. Shangazi yako Mwanahawa akampika, na kama kawaida bakuli langu likaletwa barazani likiwa na firigisi na ini juu ya mchuzi. Sikuligusa. Nilimwambia shangazi yako avitoe vile viwili, aviweke kwenye sahani, akupelekee jikoni na aseme baba kasema ule. Alinitazama kana kwamba nimeshikwa na homa, lakini akaenda. Hakukawia. Alirudi na sahani ile ile imefunikwa kawa, akaiweka mbele yangu, akasema, "Mwana amekataa. Anasema hakulelewa hivyo."

Wazee niliokaa nao walicheka kwa kuridhika. Mmoja akanipongeza kwa malezi mema. Nikamjibu kwamba namshukuru Mungu, nikanawa mikono, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Tangu hapo niko na daftari hili ulilomalizia darasa la saba, lenye kurasa tupu mwishoni. Alasiri imeshaswaliwa na jua bado lipo, nami nataka nimalize kabla ya magharibi.

Habari za kuamka mapema, za kumtunza mume na kumheshimu mama mkwe sina haja ya kuziandika. Somo yako ameshakwambia, na kwa jinsi ninavyomjua amekwambia mara tatu tatu. Langu mimi ni jambo ambalo baba hamwambii bintiye ana kwa ana, kwa kuwa linahusu damu ya wanawake, na kwetu sisi Wazigua mwanamume akilitamka hilo mbele ya binti yake watu hutazama chini. Ndiyo maana naandika. Mbele yako ningeona haya, ningezungumzia mvua.

Umesema hukulelewa hivyo. Ni kweli kabisa, na aliyekulea hivyo ni mimi.

Ulikuwa na miaka kama mitano, maana ulizaliwa mwaka ule wa bendera ya uhuru, na tulikuwa bado tunakaa kule kwenye mashamba yetu ya zamani, kabla ya kuhamia kijijini. Siku hiyo nilikuwa na mgeni na mama yako alikuwa amechinjiwa kuku wa kumpikia. Mpini wa jembe langu ulivunjika nikarudi mapema kuliko alivyotegemea. Nikapita mlango wa jikoni. Zaina, mama yako, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kinu, amenipa mgongo, anakula. Aliposikia hatua zangu taya zake zikasimama. Akageuka akaniona, na mdomoni alikuwa na kitu. Hakukitema. Alikimeza taratibu huku ananitazama, na mimi nikafunua chungu nikatafuta firigisi sikuiona.

"Niliitamani tu, baba Mwajabu," alisema. "Sijui nina nini siku hizi."

Kama ningekuwa na akili ningemuuliza: una nini? Neno lenyewe alikuwa ameshaniwekea mkononi. Lakini mimi nilikuwa kijana, nina mgeni barazani, na mgeni ameona bakuli limekuja bila firigisi, na kwa mila zetu bakuli la namna hiyo maana yake mwenye nyumba hana nyumba. Nikatuma mtu kwa mjomba wako. Alitembea nusu siku akija na mbuzi kamba mkononi, beberu mzuri mwenye mabaka, akaomba radhi kwa niaba ya dada yake. Zaina alipiga magoti amejifunika kanga kichwani, akaambiwa aseme hatarudia, akasema. Kisha tukamchinja yule mbuzi tukamla, mimi na wazee na mjomba wako, tukanywa na supu. Tulikula mbuzi mzima, Mwajabu, kwa sababu mwanamke alikula kipande cha nyama kisichozidi kidole gumba changu. Yeye hakuonja. Alikuwa jikoni anasonga ugali wa kulia nyama hiyo.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, kidole mdomoni. Nikakuita nikakupakata, nikakwambia mbele ya wote, "Umeona, mwanangu? Mwanamke mwenye adabu hagusi sahani ya baba." Ukaitikia kwa kichwa. Wazee wakasema mtoto anaelewa. Ulielewa, tena hujasahau hadi leo mchana.

Kitu nisichokijua siku ile ni kwamba Zaina alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Iliharibika kabla mwezi mwingine haujaandama, na mimi nikaambiwa tu kwamba mama Mwajabu hajisikii vizuri. Habari ya mimba ile niliipata baada ya miaka sita, kwa shangazi yako, siku ya matanga ya mama yako. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, ungefanya nini, ungedai mbuzi wa pili? Shangazi yako ana ulimi, na siku hiyo nilikuwa nimejitakia.

Baadaye tukahamia kijiji cha ujamaa. Wewe unakikumbuka kwa sababu ya shule, na shule ilikuwa nzuri, sitaki kuisema vibaya. Mimi nilihama kwa moyo mkunjufu. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne kwa wakoloni, najua kuandika majina, kwa hiyo wakanifanya msimamizi wa shamba la kijiji. Nilipewa filimbi. Unaikumbuka ile filimbi? Ulikuwa unaipuliza mpaka mama yako anaziba masikio.

Tuliambiwa maadui zetu ni ujinga, maradhi na umaskini, na mimi nikawa nahutubia watu juu ya hao watatu kila asubuhi kabla ya kugawa kazi. Kumbe wote watatu nilikuwa natembea nao, filimbi shingoni.

Kule tulikotoka, nyuma ya nyumba mama yako alikuwa na kunde, na mchicha kwenye jalala, na kuku wake. Kuku walikufa kwa mdondo mwezi ule ule tuliohama. Nyumba mpya zilijengwa kwa mistari, na nyuma ya kila nyumba kulikuwa na nyumba nyingine. Tuliahidiwa viwanja vya bustani baadaye. Wanawake wakafanya wanalolijua tangu zamani, ambalo mimi nililiona kila siku wala sikuliona: walipokuwa wanapalilia shamba la kijiji waliruka. Jembe linakwenda, linafika kwenye mnavu, linauzunguka, linaendelea. Linafika kwenye mchunga au mchicha wa porini, linauzunguka. Jioni kila mmoja anachuma fungu lake anafunga kwenye upande wa kanga, na hiyo ndiyo mboga ya nyumba. Mahindi hayakudhurika. Lakini shamba, ukilitazama ukiwa barabarani, lilionekana lina madoa.

Tukaletewa taarifa kwamba wakubwa wa wilaya watakuja kuona shamba letu na kulilinganisha na la kijiji cha jirani. Bwana shamba alipita akasema palizi yetu ni ya kivivu. Neno hilo lilinichoma. Siku ya pili nikapuliza filimbi nikawapanga wanawake kwenye mistari, nikasema leo kila kisicho muhindi kinang'oka, na nitapita nyuma yenu mwenyewe. Wakatazamana. Bibi Mwanamvua, yule mkunga aliyekuzalisha wewe, ndiye aliyethubutu kuuliza. Alinyoosha mgongo akashika kiuno, akasema, "Msimamizi, haya mnayoyaita magugu ndiyo kitoweo. Tukiyang'oa ugali tutakula na nini?"

Nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu ili wanione wote. Nikamjibu, "Mtakula na maendeleo."

Wanaume walicheka. Nilipendezwa na kicheko chao hata jioni nikawa nalirudia neno langu barazani. Wanawake waliinama wakang'oa. Nilipita nyuma yao kama nilivyosema, na mnavu mmoja uliobaki nikaung'oa mwenyewe, mbele ya mama yako, kwa sababu ulikuwa kwenye mstari wake, na sikutaka watu waseme mke wa msimamizi anapendelewa. Tukarundika majani barabarani yakanyauka. Wakubwa walikuja, wakalisifu shamba kutoka ndani ya gari, wakaondoka.

Tukaendelea na palizi ya namna ile misimu mitatu. Ukiuliza wanawake walikula nini misimu hiyo, sijui. Hilo ndilo nataka ulisome polepole. Sijui. Mimi nilikula barazani na wanaume, kila nyumba inaleta sinia lake, na chakula cha wanaume hata kikiwa haba hutafutiwa kitoweo, dagaa leo, maharage kesho, na siku ng'ombe wa kijiji alipovunjika mguu tulikula nyama. Kilichobaki kilirudi jikoni, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa ukoko na chumvi. Duka la ushirika lilipofunguliwa nilinunua majani ya chai na sukari, nikajisifu kwamba nyumbani kwangu sasa tunaishi kama watu wa mjini. Ilikuwa chai ya rangi, nyeusi tii, na kumbe mama yako alikuwa anateremshia ugali kwa chai hiyo. Nilimwona na kikombe nikafurahi kwamba mke wangu anakunywa chai.

Akaanza kubadilika. Viganja vyake vikawa vyeupe, ufizi ukafifia, kucha zikabonyea katikati. Alikuwa akitoka kisimani anatua ndoo mara nne kabla ya kufika, na njia hiyo hapo zamani aliimaliza akiwa anapiga soga. Watu wakasema ni safura. Wengine wakasema ni uvivu unaosingizia safura. Nilimkuta mara mbili anabandua udongo wa ukutani na kuutia mdomoni, nikamuuliza kama anataka kula nyumba yangu. Nilidhani nafanya utani.

Halafu siku moja ya palizi, jua likiwa kali, alikaa chini katikati ya mstari. Alikuwa na mimba, hii nilikuwa naijua, ilikuwa imeshaonekana. Wenzake wakampita. Mimi nikatoka upande wa pili wa shamba nikaenda pale alipo. Nilijua macho ya watu yote yananitazama kuona msimamizi atamfanya nini mkewe.

"Inuka, mama Mwajabu," nilimwambia. "Watu wanatuangalia."

"Moyo unapiga sana," akasema. "Ngoja utulie kidogo."

Na mimi nikapaza sauti, ili wanaotuangalia wasikie haki yangu: "Moyo wa kila mtu unapiga hapa."

Aliinuka. Alimaliza mstari. Nilijisikia kiongozi, Mwajabu. Sikuongezei chumvi wala sijipunguzii, nakuandikia nilivyojisikia.

Bibi Mwanamvua alikuja nyumbani jioni hiyo akaniambia nimpeleke zahanati, na kwamba nisipompeleka mimi atampeleka yeye. Nikampeleka. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mgeni wa sehemu zetu. Alimvuta mama yako kope la chini akatazama ndani, akalaza kiganja chake kando ya kiganja cha Zaina akavilinganisha. Kisha akanigeukia mimi akaniuliza jana nilikula nini. Nikamwambia, ugali na maharage, asubuhi viazi, na juzi nyama. Akaandika. Akauliza, "Na huyu?"

Nikamtazama Zaina anisaidie, naye akatazama sakafu. Miaka kumi na miwili tulikuwa tumelala kitanda kimoja, na sikuwa nimewahi kumwona mke wangu akitafuna chakula. Nilimwona mara moja tu, nyuma ya kinu, na mara hiyo nikamtoza mbuzi.

Muuguzi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alitupa vidonge vichache vilivyokuwepo, akasema vingine havijaletwa. Kisha akaeleza bila haraka kwamba huyu damu yake imepungua, na ndicho kinachompa hamu ya udongo. Akasema damu hujengwa kwa chakula: maini, firigisi, dagaa, kunde, na mboga za majani zile za kijani kilichokolea, mnavu, mchicha, kisamvu, na mboga ikamuliwe ndimu ili mwili uipokee, na chai ikae mbali na chakula kwa sababu inazuia. Alizitaja zile mboga akizihesabu kwa vidole, na kila kidole nilikuwa nimeking'oa. Firigisi alipoitaja, Zaina alivuta kanga akajifunika mdomo. Sijui kama alikuwa anacheka au analia, na sikuwahi kumuuliza.

Tulirudi kwa miguu. Njiani nilimwambia kwamba kuanzia siku hiyo tutakula pamoja. Akasema, "Watu watasemaje, baba Mwajabu?" Nikajibu kwamba tutaona. Na watu wakasema, na mimi nikakaa naye jikoni siku nne, na siku ya tano nikarudi barazani. Nilijiambia nitamtumia chakula. Nilituma mara kadhaa. Kilikuwa kinarudi kimefunikwa kawa, kama cha leo, na mimi nilikuwa nakila. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu.

Miezi miwili baadaye akashikwa na uchungu. Mtoto alikuwa wa kiume, alizaliwa hapumui. Damu ya mama yako haikukatika. Tulimweka kwenye trela ya trekta la kijiji, juu ya magunia ya pamba, kumpeleka hospitali Korogwe, na Bibi Mwanamvua akampakata kichwa njia nzima. Wewe tulikuacha kwa shangazi yako. Barabara unaijua. Tulipofika Korogwe ya Zamani, karibu na mto, saa za mchana watu wanakwenda sokoni, Bibi Mwanamvua alimwambia dereva asimamishe, hakuna haja ya kukimbia tena.

Aliniambia neno moja tu pale barabarani. Alisema, "Damu yenyewe haikuwa nyingi. Wanawake nimeona wanamwaga zaidi ya hiyo na wiki ijayo wako kisimani. Huyu hakuwa na ya kumwaga."

Kijiji kizima kilikuja matangani. Wote walisema ni kazi ya Mungu, na mimi nikawaitikia. Sibishani na Mungu, lakini Mungu hakung'oa mnavu. Hakuna aliyenilaumu hata mmoja, Mwajabu, na hilo limenikaa kooni miaka yote hii. Kwa firigisi kulikuwa na wazee, kikao na faini. Kwa Zaina hapakuwa na kikao. Ningeitwa mbele ya watu nikatozwa hata kuku, labda ningelala.

Filimbi niliirudisha. Nilipanda mnavu na mchicha nyuma ya nyumba hii, na unajua walivyoniita, bwana mboga. Uliona haya shuleni, najua, ulikuja unalia. Wewe nilikuwa nakuwekea mboga na ndimu, lakini nilikuwa nakuwekea jikoni, na mimi nikienda zangu barazani. Hata baada ya yale yote, mwanangu, sikukaa nikuone unakula. Unaweza kuamini? Nilidhani kupanda kunatosha. Nilidhani mboga itatembea yenyewe hadi mdomoni kwako, ipite watoto wa shangazi yako, ipite wageni, ipite adabu niliyokufundisha mwenyewe.

Juzi jioni nilikuwa nakata nguzo kule nyuma. Wewe hukuniona. Ulifika kwenye kichuguu, ukatazama kushoto na kulia, ukamega kipande cha udongo ukakitia mdomoni, na kingine ukakifunga kwenye pindo la kanga. Ulisimama vile vile alivyokuwa akisimama mama yako. Nikatazama mkono wako ulipokuwa unafunga lile fundo, ukiwa kwenye jua, na kiganja kilikuwa cheupe.

Sikuiti mjamzito wala siulizi. Kama unayo au huna, si neno la baba. Ninachokijua ni kwamba kesho unakwenda nyumba ya watu, na mwaka huu au ujao utakuwa na mimba, na unakwenda huko ukiwa na damu kidogo kuliko aliyokuwa nayo mama yako wakati anaolewa. Nakuogopea. Nimetafuta neno la kiume zaidi la kuandika mahali pa hilo sikulipata.

Mume wako nimeshaongea naye. Walipokuja kumaliza mambo ya mahari nilimvuta pembeni, nikamwambia sina dai jingine ila hili, mke wake akipika kuku yale maini na firigisi wagawane, na awe anakula naye sinia moja. Aliinama akasema, "Sawa, mzee." Nimekuwa nikiwaambia watu sawa maisha yangu yote, na najua sawa ya namna ile. Ni ya mtu anayetaka uondoke. Si kijana mbaya, ana mikono ya kazi, na huko Kerenge ardhi ni nzuri na maji yapo, majani hayakauki kama huku kwetu Handeni. Mboga utapata. Lakini mama yako naye alikuwa na mboga mbele yake shamba zima, na aliyemzuia alikuwa mtu aliyempenda. Nilimpenda, Mwajabu. Naliandika kwa sababu ukisoma haya yote unaweza kudhani sikumpenda. Nilimpenda na nilikula chakula chake.

Wewe huko watakusifu. Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko njaa. Watasema mke wa Kassimu ana adabu, hula mwisho, hula kidogo, ukimpa nyama anampa mwingine. Mama yako alisifiwa hivyo hivyo baada ya ile faini, na mimi nilikuwa naenda nazo sifa hizo barazani. Hata leo mchana wazee wamekusifu. Ukisikia wanakusifu kwa kuacha kula, ujue wanakuchimbia kaburi. Siwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo.

Na ukija ukapata wakwe wa kike, au wifi mdogo, au mtu yeyote aliyechuchumaa nyuma ya kinu, usimuulize anakula nini. Muulize ana nini. Mimi niliambiwa nikashindwa kuuliza.

Kesho basi litapita Korogwe ya Zamani. Wifi zako hawajui kitu, watakuwa wanaimba. Usiwanyamazishe, wala wewe usilie. Tazama tu upande wa mto.

Sasa nakuja kwenye firigisi. Haijaliwa. Iko hapa juu ya kasha, pamoja na ini, nimeifunika. Nitampa shangazi yako aibanike tena kwa chumvi, na alfajiri atakuletea sahani hiyo pamoja na barua hii, na kipande cha ndimu, na mnavu niliochuma mwenyewe. Chai asikuletee. Nimemwita dirishani nikamwambia asirudi na sahani. Amenijibu kwamba mimi ni mzee mwenye wazimu, lakini hatarudi nayo.

Najua utataka kwenda kula jikoni. Usiende. Keti kwenye mkeka pale ukumbini, mahali wanapopita watu wote, wifi zako wakiwa wanafunga mizigo. Mimi nitakuwa nimekaa mlangoni, na wakishangaa kuona bibi harusi anakula firigisi mbele ya baba yake, nitawajibu mimi. Faini ikitajwa, mbuzi ninaye, nimemfunga nyuma ya nyumba tangu asubuhi.

Usinishike mkono wa kuniaga, wala usiniombe radhi kwa lolote. Tafuna taratibu, mwanangu. Nataka nikuone.

Baba yako.